Bibi Aliyerithi Kinyago cha Radi

Asubuhi moja Kadii alikunywa chai ya rangi kwa mahamri ya jana, akaketi kuchora kama kawaida. Ni jirani yangu hapa Kisumu Ndogo. Mlango wake na wangu hutazamana. Yeye ndiye anayechora vitabu vya katuni vya Radi wa Mnarani, yule shujaa mwenye kinyago aliyekuwa akiwaadhibu wauaji walioachiwa na mahakama. Mzee Simeon, aliyembuni Radi, alifariki akamwachia Kadii kazi yote. Katika kitabu chake cha mwisho mzee alikuwa amemuua shujaa wake, na mji mzima ukawa unauliza: nani atarithi kinyago?

Kadii alimvisha bibi kizee. Mgongo umepinda, nywele nyeupe pepe, macho mekundu kwa moshi wa kuni.

"Ajuza?" Musembi, mpiga chapa, alishangaa. "Dada, nani atakinunua?"

"Wewe chapa."

Sura ile ilikuwa ya hawe wake, Kabibi, nyanya aliyemlea kijijini Adu. Wanaume wa kijiji walimkata kwa mapanga mbele ya jiko lake, eti mchawi. Aliyeanza kumwita mchawi alikuwa Chengo, mwanawe wa kumzaa, baba mdogo wa Kadii, kwa kuwa mama yake alikataa shamba liuzwe. Kijiji kizima kilijua. Hakuna aliyefungua mdomo. Kadii alimchora kwa hasira hata penseli zikamkatikia mkononi.

Kitabu kilipotoka, alikwenda nacho Adu. Alifika jua la utosi. Hakutoa shikamoo. Alimtupia Chengo kitabu mapajani.

"Mtazame anayewasaka wauaji sasa."

Chengo alifungua, akacheka. Alipofika ukurasa wenye ile sura, kicheko kilikatika. Akakichana kitabu vipande vipande, akavitia motoni.

"Mchawi amekwisha kufa! Toka kwangu!"

Akaingia ndani, akabamiza mlango wa bati, akapiga komeo.

Kadii alibaki uani. Hapo ndipo kuku wote waliponyamaza.

Ndani, mtu alikohoa.

Hakikuwa kikohozi cha Chengo. Kilikuwa kikavu, kifupi, kikifuatwa na mguno wa kuvuta pumzi. Kadii alikuwa amelala kando ya kikohozi hicho utoto wake wote.

"Kadii." Chengo alinong'ona nyuma ya bati. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Kuna mtu kitandani. Amevaa kinyago."

Kitanda kikalia. Nyayo zikaburuzika sakafuni, polepole.

"Anakivua," Chengo alisema. "Kadii, mwambie mama aende. Wewe anakupenda."

Kadii alitaka kukimbia. Kisha hasira ikaishinda hofu, akasogea hadi mdomo wake ukagusa bati.

"Yeye alipokuita 'mwanangu' chini ya mapanga, ulimwambia nini?"

Bati lilitikisika. Mara moja. Kisha komeo likafunguka, Chengo akatoka akitambaa, akilia kama mtoto mchanga. Alimpita Kadii bila kumwona, akaenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi, akajitaja, akawataja na wenzake. Yuko rumande. Anawaomba askari wasimwache peke yake.

Kadii alichungulia ndani. Hapakuwa na mtu.

Lakini kwenye bati la mlango, kutoka upande wa ndani, kiganja kilikuwa kimesukumwa hadi bati likatuna nje: vidole vitano vyembamba, vimepinda kwa uzee. Fundi amekwisha kulipiga nyundo likanyooka. Kesho yake lilikuwa limetuna tena. Kadii anasema kila anapokwenda hukuta kiganja kimepanda kidogo, kimelikaribia komeo.

Na mlango ule unazielekea nyumba za majirani walionyamaza.