Mwizi wa Sebule

"Nimeibiwa!"

Nilisema peke yangu ofisini, mlango wazi, mpaka mhadhiri wa chumba cha pili akachungulia kuniuliza kama nimepoteza simu.

Simu ningenunua nyingine, ndugu zangu. Mimi nilikuwa nimeibiwa wazo.

Ngoja niwaeleze, maana wengi hamjui kazi yangu. Nafundisha nadharia ya utamaduni chuo kikuu. Hata kwenye ukoo wetu hawaijui. Shangazi yangu huwaambia watu kwamba nafundisha ngoma, na nimeshachoka kumrekebisha.

Kazi yenyewe ni kuuliza kwa nini watu wanaishi wanavyoishi. Na swali langu kubwa lilikuwa sebule. Ile yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa, ambayo watoto wanafukuzwa wasikae, halafu familia nzima inabanana jikoni ikimsubiri mgeni ambaye haji.

Nilikuwa nasema watu wana maisha mawili, ya kuishi na ya kuonyesha, na haya ya kuonyesha ndiyo yanayopewa chumba kikubwa.

Wazo hilo nililibeba miaka na miaka bila kulichapisha. Kila nikikaribia kumaliza, naona bado halijaiva. Nafuta, naanza upya...

Sasa nilikuwa nimebakiza makala moja tu niwe profesa kamili. Kamati ya vyeo ilikuwa inakaa mwisho wa muhula. Nikikosa hapo, kwa umri wangu, nastaafu na cheo kilekile.

Ndipo mhariri wa jarida moja akanitumia makala niitathmini. Kwa asiyejua, makala zetu hazichapishwi mpaka wataalamu wazisome kwa siri. Majina yanafutwa. Mwandishi hakujui, na wewe humjui.

Nikafungua. Ukurasa wa kwanza, sebule.

Wa pili, makochi na vitambaa.

Wa tatu... yule mama aliyemuuguzia mumewe kwenye kijigodoro jikoni ili sebule isichafuke!

Yule mama nilimhoji mimi. Alilia mbele yangu mimi.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikatoka kwenda kunywa maji, nikarudi bila kunywa.

Jina lililonijia kichwani ni moja tu. Tai. Hilo ni jina tulilompa jamaa wa idara yetu, mtanashati, hakosi tai shingoni hata siku ya joto la kuua. Na yeye alikuwa anaomba cheo. Na habari za yule mama niliwahi kumsimulia tukinywa chai, kwa mdomo wangu huu huu.

Mnajua nilipaswa kufanya nini? Kumwandikia mhariri kwamba makala hii siwezi kuihukumu, inanigusa. Ndiyo sheria yetu.

Lakini nikisema nimeibiwa, wataniuliza wazo lako ulilichapisha wapi. Na mimi sikuwa nimelichapisha popote. Ningeonekana mwenye wivu.

Basi nikaamua kumlipua kimyakimya.

Nilimchambua sikumwachia kitu. Na niseme ukweli, palikuwa na pa kushika. Mwandishi alidai wenye zile sebule wamedanganyika. Si kweli. Mimi nilikaa nao. Waliogopa, waliogopa kuonekana si kitu. Nikaandika hilo kwa hasira, nikapendekeza makala ikataliwe, nikatuma.

Nilidhani ningetulia. Wapi! Nyumbani nilizunguka meza mpaka binti yangu akanilalamikia.

"Mama, kaa basi. Unanizungusha kichwa."

Wiki iliyofuata nikambana Tai kwenye korido, nikamuuliza sebule yangu ameipeleka wapi. Akacheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki, akajitetea kwamba yeye anaandika habari za vinyozi, sebule azijulie wapi. Sikumwamini hata chembe. Tangu siku hiyo nikaacha kumsalimia, na idara nzima ikajua.

Halafu akanipigia Mzee Chaki.

Huyu ndiye aliyenisimamia tasnifu yangu. Amestaafu siku nyingi na macho yanamsumbua, lakini enzi zake alikuwa haondoki darasani bila vumbi la chaki kwenye koti. Akaniomba nipite kwake. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Nilimkuta amekaa kitandani.

"Mwanangu, nimekukosea," akaanza.

Akaniambia zile rasimu nilizokuwa nampelekea miaka yote azisome, hakuzitupa. Alipojua kamati inakaribia, na mimi bado nafuta na kuanza upya, aliziandika upya na kuziunganisha mwenyewe, kwa yale macho yake, akapeleka makala jaridani. Jina langu likatangulia, lake likafuata. Alitaka ikubaliwe kwanza ndipo anishtue.

"Jina langu lipi, Mwalimu?"

"Si lile la kwenye tasnifu?"

La mume niliyeachana naye. Jaridani wananijua kwa jina la baba. Na taarifa za kwangu zote zilikwenda kwenye imeili ya zamani, niliyoifunga siku nilipomfungia mlango huyo mume.

Nikashika ukingo wa kitanda.

"Wameikataa," akasema. "Msomaji mmoja aliipenda. Wa pili alikuwa mkali, na mhariri kamsikiliza huyo."

Akaupapasa mkono wangu.

"Ila usimchukie, mwanangu. Anasema watu wale waliogopa, hawakudanganyika. Pale nilichomeka hoja yangu, na nilikosea. Amesoma vizuri kuliko mimi. Natamani ningemfundisha mtu kama huyo."

"Ulimfundisha, Mwalimu."

Alinigeuzia uso taratibu. Midomo ilimcheza, nikadhani atalia. Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na aliyelia nikawa mimi.

Kamati ilikaa, jina langu halikuwemo. Tai alipata cheo, kwa vinyozi wake. Nilikwenda ofisini kwake kumpongeza na kumwomba radhi, akanipokea vizuri, lakini chai yangu hanywi tena.

Sasa nakuambia wewe unayesoma hapa, mwenye wimbo, biashara au kitabu ulichokifungia ndani ukisubiri kiive. Utakificha mpaka siku kitakapokubishia hodi kikiletwa na mtu mwingine, nawe ukifukuze ukidhani kaja mwizi.

Mimi changu kilikuja hadi mezani kwangu, kikiwa kamili, na waliposubiri neno la mtu mmoja tu wakipokee, mtu huyo nilikuwa mimi. Nikasema hapana.