Sanduku la Mama Bathsheba

Subaru nyeusi ilikuwa imeshatoka Uriri, imeipita Awendo, na sasa ilikuwa inaiacha Rongo kuelekea Rodi Kopany. Mita mia tatu nyuma yake Gisiri alikuwa amelalia tangi la Yamaha DT, Glock kiunoni, simu imebanwa ndani ya helmeti.

"Terry, namuona."

"Mshike akiwa hai." Terry alikuwa ofisi ya idara ya upelelezi, Kisumu. "Amri imeingia kwenye masanduku tangu alfajiri. Saa tano kamili yanafunguka."

"Yote?"

"Elfu moja mia mbili. Migori na Homa Bay."

Saa ilikuwa nne na nusu.

Masanduku yenyewe serikali iliwagawia wazee, kila mmoja lake, ukubwa wa redio. Dawa za presha na sukari za mwezi mzima zinakaa ndani. Saa ikifika droo moja inafunguka na sauti inasema: kunywa. Sauti hiyo ni ya mtoto wa huyo mzee, yule aliye mbali, imenakiliwa kutoka kwa simu yake. Mzee gani atakataa?

Leo kila mtoto angemwambia mzazi wake anywe za mwezi mzima.

Mbele, trekta la miwa liliziba barabara. Subaru ikapunguza mwendo.

Gisiri hakupunguza.

Risasi moja, gurudumu la nyuma. Gari likaingia mtaroni. Gordon, fundi aliyeajiriwa kuyatunza masanduku, akatoka mikono juu, damu puani, anacheka.

"Omera, ndugu yangu, umechelewa."

"Nani amekununua?"

"Watu wa nje. Hata sura zao sizijui. Wanataka kuona jambo moja: sauti ya mtoto ikisema kunywa, mzee atakunywa? Ikifanya kazi hapa, watapeleka kwingine."

"Inazuiwa na nini?"

"Kadi. Iko ndani ya sanduku moja tu." Akatema damu. "Ulidhani sikujua unanifuata wiki nzima? Iko kwa mama mkwe wako. Chumbani, kando ya kitanda. Ingia basi, mkwe, uichukue."

Gisiri ni Mkuria, Gordon ni Mjaluo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mkwe hamgusi mama mkwe, na chumbani kwake hakanyagi. Hata nyumba ikiungua, maji atayamwaga kupitia dirishani.

Alimfunga Gordon pingu kwenye trekta, akamwambia dereva asisogee mpaka polisi waje, akawasha pikipiki.

Saa nne na dakika hamsini na tatu.

Nyumba ya Mama Bathsheba ilikuwa nyuma ya soko la Rodi Kopany. Msichana anayemtunza alikuwa ameenda kununua dagaa wa omena. Gisiri alisimama sebuleni. Kati yake na kitanda kulikuwa na pazia la maua.

"Hodi, Mama!"

"Ora? Mkwe wangu, unakujaje bila kusema, na hata kuku sijashika?"

"Mama, leo usinywe dawa."

"Lynnet amesema ninywe."

Lynnet, mke wa Gisiri, alikuwa Doha akilea wazee wa watu. Lakini sauti iliyotoka nyuma ya pazia ilikuwa yake kabisa, tamu, haina haraka:

"Mama, zimebaki dakika sita. Weka maji karibu. Leo utakunywa zote."

"Hiyo ni mashine, Mama! Nirushie hilo sanduku."

"Lynnet alisema juzi nisimpe mtu."

"Basi nakuja kulichukua."

"Ukigusa hilo pazia napiga nduru soko lote lije! Afadhali nife na heshima yangu. Hiyo sauti ndiyo inaniamsha kila asubuhi. Wewe hata simu hupigi."

Kweli, hakuwa anapiga.

Dakika nne.

Kila familia ilipewa programu ya simu: unaandika ujumbe, sanduku linausoma kwa sauti ya mtoto. Gisiri akaandika haraka. Sanduku likasema: "Mama, mpe Gisiri sanduku."

"Lynnet, mbona unageuka kama kinyonga? Juzi hapana, leo ndiyo. Mimi nashika la kwanza."

Alisikia maji yakimiminwa kikombeni.

Mkono wake ukafika kwenye pazia. Ukasimama hapo. Alikuwa amevuka mpaka wa Isebania usiku mara kumi na bunduki zikimtafuta, na hakuwahi kusita vile.

Akaurudisha mkono. Akaandika tena, aibu ikimchoma shingo.

Sauti ya Lynnet ikasema: "Mama, mwambie Gisiri aingie chumbani. Akae kitandani, akushike mkono."

Kutoka nyuma ya pazia: "Thu! Yawa! Huyu si mtoto wangu! Lynnet hawezi kutamka hivyo hata malaria ikimpanda kichwani!"

Dirisha likapiga ukuta kwa kishindo. Sanduku likaruka uani, likapasuka kwenye jiwe la kunolea.

Gisiri alikuwa ameshafika nje. Kadi, ndogo kuliko ukucha. Akaisukuma ndani ya simu yake ya Samsung.

"Terry!"

"Naiona. Subiri."

Sekunde arobaini. Thelathini na tano.

"Imeshika. Yote yamefungwa."

Gisiri akavaa helmeti. "Mama, nimeenda."

"Enda. Na upige simu."

Aliisukuma pikipiki mpaka barabarani kabla ya kuiwasha, asiwashtue kuku.

Gordon alihukumiwa miaka kumi na minane. Waliomnunua hawajapatikana, wala nakala za zile sauti elfu moja mia mbili. Masanduku yalikusanywa, na wahudumu wa afya wa kijiji wakarudi kutembea kwa miguu. Lakini sanduku la mzee Job, mvuvi wa zamani wa Kendu Bay, saa yake ilikuwa mbele kwa dakika tano. Alimtii mwanawe. Alizikwa Jumamosi. Terry alihamishwa Nairobi. Mama Bathsheba alipojua nani aliandika maneno yale, alimfungia Gisiri boma mpaka alete mbuzi dume akiwa na wazee wake. Alileta.

Lynnet bado yuko Doha. Akipiga simu, mama yake haongei naye mpaka amuulize swali moja kwanza, na kila mara ni swali jingine.