Mama Alimficha Daktari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Valérie aliwasha makala kwenye mbabula, jiko lao la mkaa, akabandika maji ya chai, kisha akamtazama mama yake kwa siri. Hakutazama uso. Alitazama mkono wa kuume. Mkono ukishika kikombe, mama alikuwa amelala vizuri usiku. Mkono ukibanwa chini ya mbavu, mama hakulala, na Valérie naye hakulala.

Walikuwa wakiishi Mudzipela, hapa Bunia, kwa tantine Rébecca, dada wa baba. Walikimbia vita kutoka upande wa Bule wakiwa na nguo za mwilini tu. Baba alipeleka ng'ombe wachache waliobaki upande wa Mahagi, na tangu mvua zianze simu yake haikupatikana tena.

Maumivu yalimjia mama akishakula vitu vya mafuta: maharage yaliyopikwa na mawese mengi, au nyama ya sikukuu. Yalianzia chini ya mbavu, yakapanda mpaka begani. Mama aling'ata kitenge chake ili asisikike, na Valérie akamsugua mgongo gizani. Kulipokucha, tantine aliuliza, "Mumelala salama?"

"Salama kabisa," mama alijibu.

Valérie alitikisa kichwa kukubali. Ulikuwa uwongo mdogo, wa kichwa tu, wala hakufungua mdomo. Lakini aliurudia mara nyingi mpaka akauzoea.

"Tumepoteza nyumba, tumepoteza ng'ombe," mama alimwambia. "Usiongeze mambo ingine."

Siku moja mama alianguka uani akishika tumbo, na kuficha kukashindikana. Majirani walisema ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo watu huihofia kila tumbo linapouma. Wakataja mganga wa kumtapisha. Tantine aliwafukuza, akampeleka mama hospitali, na huko wakampima kwa mashine inayoonyesha ndani ya tumbo. Wakaambiwa warudi Jumamosi kuonana na daktari wa upasuaji.

Jumamosi hiyo mama aliamka akitetemeka, mwili wake moto kama sufuria.

"Kimbia, uninunulie paracétamol," alimwambia Valérie.

Alimeza vidonge, akapangusa jasho, akajipaka mafuta usoni. Alipoona Valérie anamtazama, akamshika bega.

"Sikiliza. Siye ni batu ya ng'ombe. Umeona baba yako akichinja. Nyongo ikipasuka, nyama yote inakuwa chungu, inatupwa. Mimi sitaki banipasue, nyongo imwagike ndani. Pale Bule kulikuwa na mama mumoja, alipasuliwa, hakurudi. Mbele ya dokta, unyamaze. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Tantine alikuwa sokoni, kwa hiyo walikwenda wawili tu. Njiani mama alisimama mara kwa mara, akijifanya anafunga vizuri kitenge.

Daktari Kamate alikuwa mtu mnene wa sauti ya chini. Aliinua picha kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mama Valérie, naona kitu kama mawe kwenye kifuko cha nyongo. Picha haiko wazi sana. Sasa niambie weye mwenyewe: maumivu yanakuja mara ngapi?"

"Ilikuja ile siku moja tu, dokta. Imeisha."

"Homa?"

"Hapana."

"Begani hapaumi?"

"Hapana, hapana. Niko muzuri."

Daktari aliweka picha mezani. "Basi, sioni sababu ya kupasua. Wako watu wengi wanaoishi na mawe hayo mpaka wanazeeka, hawajui hata kama wanayo. Mimi sipasui picha, mama. Napasua mtu anayeumwa. Rudi nyumbani, punguza mafuta."

Mama alishusha pumzi. Alikuwa ameshaanza kuinuka.

Hapo Valérie akaelewa kwamba daktari hana kosa lolote. Anafuata maneno aliyopewa, na maneno yale yatamrudisha mama kwenye mkeka, kwenye kitenge kile cha kung'ata. Akasema haraka:

"Dokta, anadanganya. Anaumwa kila akila mafuta. Begani pia. Na asubuhi alikuwa na homa. Amemeza vidonge ili usione."

Mama aliketi tena.

"Weye mutoto," mama alisema polepole, "unaniuza?"

Valérie alilia, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Daktari alimlaza mama kitandani, akabonyeza vidole chini ya mbavu za kuume. "Vuta pumzi yote." Pumzi ilifika katikati ikakatika, na mama akatoa ukelele ambao kitenge chochote kisingeuzuia.

"Hii si ya kungoja tena," daktari alisema. "Kifuko kimevimba, na homa hiyo inaniambia kuna uambukizo. Leo unalala hapa. Tutakupa dawa kwenye mshipa, kisha tutakitoa."

"Na nyongo ikimwagika, kama ya ng'ombe aliyechinjwa?"

"Mwenye kuchinja ana haraka na kisu kikubwa. Mimi nafunga mrija kwanza, ndipo ninakata. Na mtu anaishi bila kifuko hicho, ini linaendelea kutengeneza nyongo. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna hatari, mama, iko. Lakini ukirudi nyumbani hivi, hatari ni kubwa zaidi."

Mama alitazama ukuta. "Fanyeni mutakavyo," alisema, kama mtu aliyekwisha kuhesabiwa pamoja na wafu. Hakumtazama Valérie.

Siku ya upasuaji Valérie na tantine waliketi kwenye saruji ya korido. Mlango ulipofungwa, tantine alimgeukia Valérie.

"Ungenyamaza tu, angekuwa nyumbani saa hii. Akifa, nitamwambia kaka yangu nini?"

Valérie alikaza macho mlangoni. Hakuweza hata kuomba. Aliwaza tu kwamba neno la mwisho mama alilomwambia yeye lilikuwa lile la kuuzwa.

Hatimaye daktari alitoka, kanzu yake imelowa jasho. "Tumekitoa. Kilikuwa na mawe na usaha. Kingepasuka chenyewe huko nyumbani, tusingeweza kumfikia kwa wakati. Bado ana homa. Tungoje."

Walingoja. Homa ilikwenda na kurudi, na mama alilala bila kusema na mtu. Kisha alasiri moja alifungua macho, akamwita Valérie kwa kidole.

"Koo imekauka. Nipe maji kidogo. Muuguzi hataona."

Kikombe cha maji kilikuwa pale pale, lakini muuguzi alikuwa amesema mama asinywe kitu bado. Valérie alikitazama, akakificha mgongoni.

"Hapana, mama. Ngoja kwanza nimuulize."

Mama alimkodolea macho. Midomo yake iliyopasuka ikacheka, kisha akashika kidonda kwa uchungu.

"Mukaidi weye," alinong'ona, akimshika mkono. "Njoo karibu. Mimi nilikufundisha kunisaidia kudanganya, na uwongo wetu ulikaribia kuniua. Dokta hana macho ndani ya tumbo la mutu, anatibu kile anachoambiwa. Ukiniona naumwa, sema. Hata nikikukataza, sema."

Akamwachia mkono.

"Sasa nenda kamuulize huyo muuguzi. Kiu inanimaliza."