Beji Iliyosema Uongo

Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kabla ya saa kumi na moja alfajiri, Maren Sorensen alisikia mlango wa jikoni ukifungwa taratibu. Alijua baba yake, Dell, ameondoka kuwahi basi la wafanyakazi, lile linalotoka Idaho Falls na kukata jangwa mpaka kwenye maabara ya nyuklia. Maren aligeuka upande wa pili akalala tena. Saa moja mama yake, Luann, aligonga ukuta. Hapo Maren aliamka, akamvalisha mdogo wake Tate viatu vya theluji, wakala uji wa shayiri na kukimbilia shule.

Baba yake alikuwa fundi. Yeye na wenzake sita walikuwa wakiunganisha jenereta ya chombo cha anga kitakachokwenda kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Zohali. Huko jua ni hafifu mno, na mafuta hayafiki. Kwa hiyo ndani ya jenereta kunawekwa vipande vya plutoniamu vinavyotoa joto kwa miaka mingi, na joto hilo hugeuzwa kuwa umeme. Mafundi waliishika plutoniamu kwa glavu nene zilizofungwa kwenye sanduku la vioo, na kila mmoja alivaa kifuani beji ndogo ya kupima mionzi.

Jumanne moja ya mwezi Machi, Maren alirudi shuleni saa tisa alasiri akakuta buti za baba yake mlangoni. Si kawaida. Baba hurudi jioni. Akamkuta amesimama katikati ya sebule, hajakaa popote, kama mgeni.

"Baba! Mbona mapema?"

"Simama hapo hapo, mwanangu. Usinikumbatie kwanza."

Maren akasimama. Mama alikuwa kwenye kochi, mkono juu ya tumbo lake la mimba ya miezi mitano, macho mekundu.

"Beji yangu imesomwa," baba alisema. "Imeonyesha mionzi mara thelathini ya wenzangu. Hakuna anayejua nimeipatia wapi. Wamefunga chumba chetu, na sisi wote saba tunapimwa."

"Unaumwa?"

"Sijisikii chochote. Hilo ndilo linalonitisha." Kisha akamtazama. "Maren, ile Alhamisi niliyorudi na beji mfukoni kwa kusahau, niliiweka juu ya friji mpaka Jumatatu. Kuna mtu aliigusa?"

Maren alikumbuka vizuri sana. Wiki hiyo mwalimu wa sayansi alikuwa amewaambia kwamba vyombo vingine vya zamani vya rangi ya chungwa vilipakwa rangi yenye urani, madini yanayotoa mionzi. Kabatini kwao lilikuwemo bakuli la sukari la namna hiyo, la marehemu bibi, lenye kifuniko. Maren alitaka tu kuona kama beji ingebadilika rangi. Akaitia humo bakulini, akafunika, na Jumapili jioni akairudisha juu ya friji. Haikubadilika hata kidogo. Akasahau.

"Hapana, Baba," alisema. "Sijaiona."

Maneno yalitoka yenyewe, kama mtu anavyoinua mkono kukinga kofi.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa ya hofu. Baba alihamia chumba cha chini, akala peke yake, akatumia taulo lake na sahani yake. Alipewa chupa kubwa za kukusanyia mkojo ukapimwe, nazo zilipangwa bafuni kwake kama watu wanaosubiri habari mbaya. Tate alilia kwenye ngazi akitaka kubebwa.

"Baba, njoo!"

"Bado, kijana wangu. Nipungie mkono tu."

Shuleni habari zilikwisha fika. Kolby, ambaye mjomba wake aliendesha basi la maabara, alisogeza kiti chake Maren alipoketi.

"Kaa mbali, we! Utatufanya tung'ae gizani kama vimulimuli!"

Wengine wakacheka. Paisley, rafiki yake, hakucheka, lakini alichukua sinia lake la chakula akahamia meza nyingine. "Mama kasema mpaka majibu yatoke," alinong'ona. "Samahani."

Maren hakuweza kumeza hata kiazi kimoja. Hofu yake ilikuwa na vichwa viwili. Kama si bakuli, basi baba yake ana mionzi mwilini na huenda atakufa. Na kama ni bakuli, basi mwenye makosa ni yeye, na kile chombo kimekaa miaka yote karibu na sahani zao, karibu na mama na mtoto aliye tumboni. Kila alipofungua kinywa aseme, aliona uso wa baba ukibadilika, akakifunga. Siku ya kwanza kusema kulikuwa kugumu. Siku ya tano kulikuwa mlima.

Jumatano ya wiki ya pili alikuja afisa wa usalama wa mionzi, Bi Rosaura Ibarra, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole. Alibeba kipimo chenye kulia tik, tik. Akakipitisha kwenye buti za baba, koti lake, kiti cha gari, kitanda cha chini. Maren alisimama mlangoni akishikilia fremu, kila tik ikimchoma.

"Hapa hakuna kitu," Bi Rosaura alisema hatimaye. "Na chupa za kwanza ni safi, Dell. Lakini beji ni beji. Una hakika hakuna aliyeigusa?"

"Nimeuliza nyumba nzima. Binti yangu kaniambia hajaiona, nami namwamini."

Bi Rosaura akashusha pumzi. "Basi kesho nitaandika kwamba chanzo hakijulikani. Itabidi sanduku zima lifunguliwe, na kila kiungo kikaguliwe upya. Ni miezi. Tarehe ya kurusha chombo itapita, na Zohali haitusubiri." Akaanza kukunja waya wa kipimo.

"Ni mimi," alisema Maren.

Hakuna aliyemsikia.

"Ni mimi!" Safari hii alipiga kelele. "Niliitia kwenye bakuli la bibi. Siku tatu nzima. Nilidanganya, Baba."

Mama alinyanyuka akaenda jikoni, lakini Bi Rosaura akamzuia kwa mkono. "Niachie mimi." Akafungua kabati, akakisogeza kipimo nyuma ya sahani, na kipimo kikalipuka kwa mlio kama mvua ya mawe juu ya bati. Mama akapiga ukelele, akamvuta Tate kifuani.

"Tulia, Luann, tulia," Bi Rosaura alisema. Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Vyombo hivi vimo katika nyumba nyingi za wazee. Hiki hakijawaua kwa kukaa kabatini. Mmewahi kulia chakula humo?"

"Kamwe. Lilikuwa la kumbukumbu tu."

"Vizuri. Msilie humo hata siku moja. Dell, sasa naelewa. Beji ilionyesha mionzi inayoishia kwenye ngozi, isiyopenya mwilini, ambayo hailingani na ile ya kazi yenu. Tumeumiza vichwa siku nane kwa ajili ya bakuli la sukari!"

Mama alisema bakuli litoke siku hiyo hiyo, na likatoka, limefungwa ndani ya plastiki. Baba hakucheka. Alipanda juu kutoka chumba cha chini na blanketi lake, akambeba Tate muda mrefu. Kwa Maren alisema jambo moja tu: "Kesho alfajiri utakuja nami kituoni."

Kituo cha basi kilikuwa na baridi ya kukata masikio. Wenzake sita wa baba walikuwa wamesimama, vikombe vya kahawa mikononi. Bi Rosaura alikuwa amewapigia simu kuwaambia chumba kitafunguliwa, lakini kisa hakuwaeleza. Maren alikieleza chote, akitazama viatu vyao.

Mmoja alifyonya. Mwingine akasema, "Siku nane, mtoto! Mke wangu hajalala siku nane!"

Verla Hatch, aliyekuwa na miaka sitini na miwili na mzee kuliko wote, alishusha kikombe chake. "Nina wajukuu wanne," alisema. "Kila mmoja nilimwandikia barua ya kumuaga. Sikuchukii, binti. Nataka tu ulijue hilo."

Maren akalia. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Baba akachuchumaa mbele yake, wakatazamana.

"Nilikuwa naogopa, Baba."

"Najua. Hata mimi niliogopa, na Verla, na mama yako. Kuogopa si kosa." Akamfuta machozi kwa glavu. "Sikia. Hicho chombo kikifika huko kitatuletea habari, na hakuna mtu wa kwenda kuhakikisha. Kazi yetu yote inasimama juu ya kipimo kinachosema kweli. Rosaura aliponiuliza, mimi sikuwa na mashine. Nilikuwa na neno lako. Neno lako ndilo lilikuwa kipimo changu, nami nikaliapia."

"Watakufukuza kazi?"

"Nimepewa barua ya onyo kwa kurudi na beji nyumbani. Ni haki yangu, nilikosea. Wewe nawe ulikosea ulipoigusa, lakini hilo lingeisha siku ile ile kwa maneno mawili. Ogopa kadiri utakavyoogopa, Maren. Lakini usiuache woga ujibu kwa niaba yako."

"Sitauacha, Baba."

Basi likafika, wakapanda mmoja mmoja. Mama alikuwa akisubiri ndani ya gari, injini ikiunguruma. Maren alibaki ukingoni mwa barabara mpaka basi lilipoanza kwenda. Dirishani Verla Hatch aliinua mkono. Hakuuinua sana, lakini aliuinua.