Mguu wa Kushoto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Sindano, binti aliyekuwa akitamba kwenye mbio za baiskeli, alikutwa amekufa kwenye taa za barabarani. Alisimama, akaangukia kushoto, lori likampitia. Viatu vyake vilikuwa bado vimenasa kwenye pedali. Cha kulia Inspekta alikipindisha kisigino kidogo tu, kikaachia pedali. Cha kushoto kiliwatoa jasho polisi wawili.

Mtaa ulishapata muuaji: fundi baiskeli, aliyemuuzia juzi viatu hivyo na pedali zake, za aina inayonasa soli ya kiatu.

"Afande mama, usinitazame hivyo," fundi alilalama dukani kwake. "Mtu mgeni wa pedali hizi namlegezea springi zinazobana kiatu, pande zote. Sindano alijishikiza ukutani hapa, akapindisha kisigino cha kulia, tap! Kikatoka. Nikamwambia azoee mguu huohuo."

"Mtu ameikaza ya kushoto."

"Kwa ufunguo mdogo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini anayetoa wa kulia, umkazie kushoto ili iweje? Labda uwe mjinga."

Neno hilo lilimkaa Inspekta kichwani mpaka nyumbani kwa marehemu, ambako baiskeli ilikuwa imelala koridoni usiku wa kuamkia ajali. Sebule ilifurika majirani, na umbea ulikuwa umepamba moto. Dada mkubwa wa Sindano, naye mwendesha baiskeli, alikaa miguuni pa mama yao.

"Mara ya mwisho mlizungumza lini?" Inspekta alimuuliza.

"Hatujasemeshana wiki nzima. Na leo nilikuwa nimelala."

"Pole, mama," Inspekta akamgeukia mzazi. "Kuna kitu kinanisumbua. Fundi alimzoesha kutoa mguu wa kulia. Mbona aliyemuua alikaza wa kushoto?"

"Goti la kulia lilimvimba jana," mama alijibu, akifuta machozi kwa kanga. "Alituambia mezani, kuanzia leo atatoa wa kush..."

Akaishusha kanga usoni.

"Aliwaambia nani, mama?"

Mkono wa mama uliokuwa begani mwa bintiye uliondoka taratibu.

"Viatu vile nilivichagua mimi," dada alisema. "Mwezi mzima nilikuwa nikienda dukani kuvijaribu. Nikakuonyesha picha, mama. Ukamnunulia yeye, kwa sababu yeye ndiye anayeshinda! Nilitaka aanguke, avunjike mkono, akose mbio za Jumapili. Lori sikuliita mimi."

"Mnavaa saizi moja," mama alinong'ona. "Nilidhani mtaazimana."

Pingu zilipofungwa, mama alimfuata Inspekta hadi mlangoni.

"Ulishajua ni mtu wa humu ndani. Ukaniacha nimtaje mwenyewe."

Inspekta aliinama akaanza kutafuta viatu vyake kati ya viatu vya wageni.