Suti ya Jumatatu

"Fundi, suti yangu iko wapi?"

Nikatoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza.

"Bado vifungo."

"Juzi ulisema bado bitana."

"Bitana imekwisha. Sasa ni vifungo."

"Kwa hiyo nije lini?"

"Kesho."

Akaegemea mlango, akanitazama kama anavyotazama bomba linalovuja.

"Kesho ya fundi au kesho ya kweli?"

Nikachukua pini tatu nikazibana midomoni. Mtu mwenye pini mdomoni haulizwi swali.

Shangazi yangu, mwenye duka, akacheka bila kuinua macho kwenye upindo aliokuwa akiushona.

"Zoea, mwanangu. Hata rais akileta kitambaa kwa fundi ataambiwa arudi Alhamisi."

"Lakini huyu si fundi wa hivyo, Shangazi. Huyu akisema leo, ni leo."

Hapo alisema kweli. Mtaa wetu una mafundi wengi, na wote hudanganya tarehe. Mimi sidanganyi. Mimi ni mtu wa maneno machache, wananiita Kimya, na nimeona ni rahisi kumaliza nguo kuliko kusimama mbele ya mteja natafuta kisingizio. Suti ile ilikuwa ya kwanza kunifanya niseme uongo, na mwenyewe ndiye mwanaume ninayempenda.

Wanamwita Mabomba. Alikuwa ndio kwanza amemaliza chuo, mambo ya maji. Tulijuana kwa sababu ya shati jeusi. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na mimi nikinyunyiza nguo kabla ya kupiga pasi, yakikauka yanaacha madoa meupe. Siku hiyo mteja alinitupia shati lake usoni. Mabomba alikuwa anapita, akaliokota, akayatazama madoa yake, kesho yake akaniletea chupa ya maji aliyoyachuja mwenyewe. Tangu hapo kila wiki alileta chupa, na kila chupa ilikuja na mazungumzo marefu. Yeye ndiye aliyezungumza. Mimi nilishona na kusikiliza. Tukapendana hivyo, cherehani ikiwa katikati yetu.

Kitambaa cha suti alikileta akiwa na mama yake. Kilikuwa cha marehemu baba yake, alikinunua akafa hajakishona. Mama akaniambia:

"Binti, hiki nilikiweka kwa ajili ya siku mwanangu atakayoingia kazini. Mjomba wake amempa nafasi kwenye ofisi yake ya mizigo. Jumatatu anaanza. Mjomba hataki kumwona bila suti, na mimi sitaki avae nyingine."

Mama akaondoka. Nikaanza kumpima Mabomba mabega. Akasema taratibu, kama mtu anayesimulia habari za jirani:

"Nimepata nafasi ya kuendelea kusoma. Shahada ya pili. Nchi ya mbali, miaka miwili, wanagharamia wao kila kitu."

Utepe ukasimama begani kwake.

"Ni mambo ya kutoa chumvi kwenye maji. Lakini siendi. Mama amechoka. Na wewe nilikuahidi mwaka huu hauishi hatujaoana. Nitawaandikia kwamba siendi. Ijumaa ndiyo siku yao ya mwisho."

Nilikuwa na pini mdomoni, nikashukuru. Maana moyo ulipiga mara mbili. Mara ya kwanza kwa furaha: anabaki, ananioa. Mara ya pili kwa sababu ya neno moja, Ijumaa. Mtu aliyekwisha kuamua hangoji siku ya mwisho.

Basi nikachora, nikakata, nikashona. Suti ikawa imekwisha tangu Jumapili, vifungo na yote. Nikaikunja, nikaisukumia chini ya marobota ya vitambaa.

Jumanne hiyo alipoondoka na "kesho" yangu, Shangazi akaweka sindano.

"Ile suti nimeiona ilipo."

Nikainamia kazi.

"Nakuuliza wewe. Mtoto wa watu unamfanyia nini?"

"Akiipata, Jumatatu anaingia ofisini."

"Si ndiyo unachotaka? Akiingia ofisini anakuoa."

"Ndiyo."

"Na asipoingia anapanda ndege, anakuacha hapa na mimi na mapindo ya watu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Sasa? Umerogwa?"

Nikavuta pumzi. "Akizungumza habari za maji, chai inapoa mkononi. Akizungumza habari za ile ofisi anatazama saa ukutani. Nitaolewa na mtu anayetazama saa maisha yake yote?"

Shangazi akaiokota sindano yake.

"Mwambie basi."

"Mimi kusema sijui. Najua kushona tu."

"Na wiki hii hata kushona hujui," akasema. "Unadhani koti litamzuia mtu? Koti halina mdomo. Wewe unao, umeujaza pini."

Jumatano sikumwona. Mchana simu ikalia mlio wa ujumbe.

"Vifungo tayari?"

Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena: "Vifungo vya rangi hiyo vimekwisha mjini."

"Mji mzima?"

"Mji mzima."

Ukapita muda mrefu. Kisha: "Kimya, niambie ukweli. Fundi mwenzako wa kona ya pili amesema suti yangu ilishakwisha, aliiona ukiipiga pasi. Kama hunitaki, sema. Usinifiche nyuma ya vifungo."

Nikasoma mara nyingi. Nilitaka kumwandikia kila kitu, lakini maneno yangu nikiyaandika huwa mafupi, na hili halikuwa jambo fupi. Nikamjibu: "Njoo kesho."

"Ipi?" akauliza.

Nikaizima simu.

Alhamisi akaja. Hakuja peke yake. Mama yake alitangulia, kanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kuamua ugomvi, na simu mkononi imewekwa sauti ya nje. Mjomba alikuwa ndani ya simu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Kitambaa cha mume wangu kiko wapi?"

"Kipo, mama."

"Kipo wapi? Nimekitunza miaka kabatini, panya hawakukigusa, nakuletea wewe wiki moja kinapotea?"

Sauti ya mjomba ikatoka kwenye simu: "Dada, mwambie kijana aje achukue yangu. Ninazo suti nyingi."

"Yako wanaingia watu wawili na bado nafasi inabaki," mama akamjibu. "Wewe ngoja hapo."

Mabomba hakunitazama. Alikuwa anachezea sahani ya chaki mezani. Akasema, sauti ya chini:

"Mama, mwache. Ameshanijibu. Kama angekuwa ananitaka, suti ingekwisha."

Neno hilo likanichoma kuliko sindano. Nilikuwa nimekwisha kujaza pini mdomoni kama kawaida. Nikazitoa moja moja, nikazichomeka kwenye kimto cha pini. Zikachukua muda, na watu wote watatu wakangoja. Hata mjomba alingoja.

Nikaenda kwenye marobota, nikaitoa suti, nikaitandaza juu ya meza.

"Imekwisha tangu Jumapili."

"Kumbe," akasema mama.

"Nimeificha mimi. Naomba unisamehe, mama. Kitambaa hiki ni kizuri, na mwanao kitampendeza. Lakini hataki kwenda kule ofisini."

"Nani amekwambia?"

"Hajaniambia. Amepata nafasi ya kusoma. Miaka miwili, wanagharamia wao. Kesho ndiyo siku ya mwisho, na mpaka leo hajawaandikia kuwaambia haendi. Muulize kwa nini hajaandika."

Mama akageuka pole pole.

"Ni kweli? Umepata nafasi ya kusoma, mimi mama yako sijui?"

"Nilijua utaniambia niende," Mabomba akasema, "huku umechoka. Mjomba alisema unataka nianze kazi haraka."

"Mimi nilimwomba mjomba wako hiyo kazi kwa sababu nilidhani huyu binti anakuharakisha umwoe. Nikasema, mwanangu asiaibike."

"Hajawahi kuniharakisha. Ni mimi niliyeahidi."

"Kwa hiyo hii kazi anaitaka nani?"

Tukatazamana. Halafu sote tukaitazama simu.

"Msinitazame mimi," ikasema simu, ingawa haikuwa na macho. "Mimi nimeombwa. Na nyinyi mmenifanya niwakatalie watu wengine nafasi hiyo. Kijana, ukikataa leo, usirudi kesho na vyeti vyako kunililia."

"Sitarudi, Mjomba. Nisamehe."

Simu ikakatika.

Mama akakaa kwenye kigoda cha wateja. Alikipapasa kitambaa, mkono wa koti, kola, kama anayempapasa mtu.

"Nimeuza mkaa mpaka umemaliza chuo," akamwambia mwanawe. "Hii miaka miwili ambayo wengine wanakulisha, ndiyo itanishinda?"

Mabomba alinigeukia mimi, na alikuwa amekasirika.

"Ungeniambia tu."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana nikaficha suti."

"Suti, Kimya? Ulidhani nikikosa suti nitapanda ndege?"

"Sikuwa na kitu kingine cha kushika."

Shangazi akakohoa pembeni, akamwambia mama wa Mabomba, "Njoo nyuma unywe chai, mwenzangu. Hawa wana maneno yao, na huyu wangu akianza kusema leo hatujui atanyamaza lini."

Wakatoka. Tukabaki na meza katikati yetu.

"Nikienda," akasema, "utanisubiri?"

"Hapana."

Akashtuka.

"Kusubiri ni kukaa kitako," nikasema. "Mimi sitakaa. Nitafanya kazi. Ukirudi utanikuta nafanya kazi, na kama bado unanitaka, utasema."

"Na wewe? Ukipata mwingine?"

"Nani atanipata? Sisemi na watu."

Akacheka, na hasira ikapungua. Nikaona nimalize na lile lililobaki, maana nilijua nikinyamaza siku hiyo nitanyamaza milele.

"Kinachonitisha ni kingine. Wewe utarudi na shahada mbili. Mimi niliishia darasa la tano mama alipougua. Utakaa na watu wanaojua mambo makubwa. Siku moja utanisikia nikizungumza, utaona aibu."

Hakukimbilia kunibembeleza, na kwa hilo nilimpenda zaidi. Alifikiri kwanza.

"Unakumbuka chupa ya kwanza niliyokuletea?"

"Naikumbuka."

"Uliniuliza swali. Ulisema, hii chumvi ukishaitoa kwenye maji, inakwenda wapi? Nilikujibu nini?"

"Hukunijibu. Ulikuna kichwa."

"Sikujua. Nikaenda kumuuliza mwalimu wangu, naye akakuna kichwa chake. Chumvi ukiitupa ovyo inaua ardhi. Hiyo ndiyo kazi niliyowaandikia wale watu kwamba nataka kuisoma. Ni swali lako, Kimya. Nitakuonea aibu vipi?"

Nikainamisha uso. Nilitafuta pini za kuweka mdomoni, nikaziacha.

"Basi nenda ulijibu," nikasema.

Ijumaa asubuhi aliwaandikia kwamba anakwenda. Aliandika akiwa amekaa dukani kwetu, kwenye kigoda cha wateja. Suti hakuichukua. Mama yake alisema kitambaa kile ni cha siku kubwa, na siku yenyewe itajulikana ikifika. Nikaifunika nguo safi, nikaitundika nyuma ya pazia la chumba cha kupimia.

Sitasema miaka ile miwili ilikuwa rahisi. Kulikuwa na wiki za mitihani alizopotea kabisa, na mimi nikalala na simu mkononi. Kulikuwa na siku alipiga akasema, "Nataka kurudi, baridi ya huku haina huruma, na mwalimu amesema kazi yangu haifai." Nikamwuliza, "Haifai yote?" Akasema, "Sehemu." Nikamwambia, "Hata sisi nguo ikikataa bega hatutupi nguo nzima. Tunafumua bega." Akasema, "Haya, fundi. Nakwenda kufumua bega."

Na mimi sikukaa kitako. Jioni nilikwenda darasa la watu wazima, nikaanzia pale nilipoachia. Nilikaa dawati moja na bibi mmoja aliyekuwa akininong'oneza majibu, yote yakiwa ya makosa. Mabomba sikumwambia mpaka nilipofanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi nikafaulu. Nilimtumia ujumbe: "Nimefaulu. Sasa naingia sekondari." Alipiga simu wakati huo huo, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekosa la kusema.

Aliporudi, sikumsikia akiingia kwa sababu ya cherehani. Niliona kivuli kimeegemea mlango.

"Fundi, suti yangu iko wapi?"

Nikatoa mguu kwenye pedali.

"Nyuma ya pazia."

Akaingia, akaivaa, akatoka mbele ya kioo akiwa amebanwa kama mzigo uliofungwa kamba. Alikuwa amenenepa mabega na kifua. Mama yake, aliyekuwa amemfuata nyuma, akashika mdomo. Shangazi hakushika wa kwake.

"Wamekulisha nini huko, mikate pamoja na makabati yake?"

"Imeharibika," Mabomba akasema kwa huzuni ya kweli. "Kitambaa cha baba."

"Vua," nikamwambia.

Nikaigeuza ndani nje, nikamwonyesha mishono ya ubavuni na ya mgongoni. Kote kulikuwa na kitambaa cha kutosha, kimekunjwa na kulazwa vizuri chini ya bitana.

"Uliacha akiba yote hii? Ulijua nitanenepa?"

"Sikujua. Nilijua hutarudi vilevile."

Akakishika kile kitambaa kilichokunjwa, akakitazama kwa muda. Kisha akamgeukia mama yake, mama akaitikia kwa kichwa, kana kwamba walikuwa wamekwisha kuzungumza njiani. Akanigeukia.

"Nimepata kazi kwenye mradi wa visima. Naanza na kisima cha mtaa huu. Lakini suti sitaki ya kazini, kazini nitavaa buti. Nataka ya kuolea. Itakuwa tayari lini?"

"Kesho."

"Kesho ya fundi au kesho ya kweli?"

Sikuwa na pini mdomoni.

"Kesho ya kweli," nikasema. Nikawasha taa ya cherehani, nikaanza kufumua.