Mama Pindo na Madirisha Kumi na Nane

Jamani, hamtaamini: maneno matatu tu ya Kiingereza yaliivalisha mapazia zahanati nzima!

Mama Pindo ni fundi wa mapazia. Cherehani yake iko sebuleni, karibu na mlango. Yeye anashona, mumewe anapiga pasi.

Siku moja akaja daktari mgeni wa zahanati, Kiswahili hajui. Akaeleza kwa Kiingereza pazia analotaka. Mama Pindo hakuelewa hata nusu.

"Yes, yes," akajibu, kichwa kinatikisika.

Mumewe akamnong'oneza, "Si umuulize?"

"Fundi akiuliza sana, mteja anaona hajui kazi."

Basi pazia likatoka refu, likaburuzika sakafuni kama gauni la bibi harusi. Daktari akalikanyaga, nusura aanguke! Hakugomba. Aliacha karatasi tu, imeandikwa kwa Kiingereza.

Aliyeisoma ni jirani, Dada Halo, mpokea simu wa hotelini. "Shoga, zahanati ina madirisha kumi na nane. Nenda Jumatano ukapime. Ukikosea tena, anatafuta fundi mwingine."

"Nifundishe Kiingereza chote!"

"Kwa siku tatu? Hata mimi chote sina! Anza na *show me*, yaani nionyeshe. Weka neno la kuuliza: *where*, wapi. Halafu malizia kama unaeleza, siyo kama unauliza. *Show me where it ends*: nionyeshe linaishia wapi. Ukitaka jingine, badilisha. *Tell me what you want*: niambie unataka nini. *I don't know how to do it*: sijui nifanyeje."

"Hilo la mwisho silisemi ng'o!"

"Kwa nini? Kuuliza nako ni kupima, mwenzangu. Unakata kitambaa bila kupima?"

Hapo Mama Pindo akaanza kukariri.

Siku tatu nyumba haikutulia. "*Show me where the salt is!*" anamwambia mumewe.

"Chumvi? Iko palepale tangu tuoane!"

Jumatano ikafika. Daktari akaanza kueleza, maneno mbio mbio. Kichwa cha Mama Pindo kikataka kutikisika chenyewe. Akakikaza.

"*Show me where it ends.*"

Daktari akasogea dirishani. Kisha akainama, akaweka kiganja ukutani, chini kidogo ya dirisha. Akaonyesha pia ndoo ya deki. Kumbe! Sakafu inaoshwa kila siku, pazia refu lingelowa. Mama Pindo akapiga alama ya chaki.

Ikaja zamu ya vitambaa. Daktari akashika kizito na chepesi, akashusha pumzi. "*I don't know how to choose.*"

Mama Pindo akaelewa: sijui nichagueje! Kumbe hata daktari kuna asichokijua, na anasema bila haya.

"*Show me where the sun is*," akasema fundi.

Daktari akaonyesha madirisha ya upande wa jua. Mama Pindo akayawekea kitambaa kizito, mengine chepesi. Daktari akacheka kwa furaha, akampa mkono.

Mapazia kumi na nane yakatundikwa. Hakuna hata moja lililogusa sakafu. Mumewe, pasi bado mkononi, kila anayepita mlangoni anamsimamisha: "Fundi wa zahanati ni mke wangu. Anauliza kwa Kiingereza huyo!"

Na Mama Pindo? Sasa kila mteja, hata wa Kiswahili, anaulizwa kwanza: "Nionyeshe linaishia wapi."

Haya, ungekuwa wewe mbele ya yale madirisha, ungeuliza, au ungetikisa kichwa?